Joto la Chumba cha Jibini

Mgandishaji alimimina dawa ya kugandishia ndani ya maziwa yaliyofikia joto la mwili, akafunika sufuria, akapangusa jasho kwa kiwiko. Dawa ile ni kimeng'enya, na kimeng'enya kina tabia zake: kwenye baridi kinalala, kwenye uvuguvugu kinachapa kazi, na joto likizidi kinafumuka na hakijiundi tena. Alikuwa ameyaeleza hayo kwa mdogo wake, mwosha sufuria, na kwa mjomba wao, mwenye karakana. Mdogo mtu alielewa.

Mjomba aliona jambo moja tu: ukiongeza moto kidogo, maziwa yanaganda upesi. Kichwa chake kigumu kikaamua kwamba na watu ni hivyo hivyo. Akapigilia dirisha misumari, akaongeza majiko.

"Mjomba, tufungulie japo kidogo," mgandishaji alisema.

"Mmekuja kazini au mmekuja kupunga upepo?"

Karatasi ya kupimia uchachu, iliyokuwa mezani, iligeuka nyekundu. Ndivyo ilivyokuwa kila mjomba alipofungua mdomo, na wasichana wale wawili walishazoea kufunika maziwa kwanza ndipo wamsikilize.

Adhuhuri mgandishaji alifumuka. Alianzia vidoleni, akapanda mikononi, na mdogo wake alipoweka brashi chini, juu ya kigoda palikuwa na rundo la nyuzi zenye joto zinazonuka sabuni, na aproni juu yake. Alizikusanya taratibu zisijifunge mafundo.

"Mjomba, dada amefumuka."

"Mtie kwenye friji. Akipoa atarudi."

"Aliyelala kwa baridi ndiye anayeamka. Huyu umemuunguza."

"Funga domo lako. Nani mwenye karakana hapa?"

Alimtia kwenye friji hata hivyo, maana dada ni dada. Jioni akamtoa. Alikaa sakafuni akajaribu kumsokota upya kuanzia mkono wa kulia, ule ambao dada alimshika nao wakivuka barabara utotoni. Vidole viwili vilisimama, vikamgusa shavu, kisha vikalegea vikaanguka mapajani mwake. Akalia kwa sauti, na mjomba akamwambia apunguze kelele.

Kisha mjomba akaokota ncha moja ya uzi, akaivuta kuipima nguvu.

"Imara kweli. Na mimi kila siku nanunua wa kufungia jibini."

Akachukua mkasi. Msichana alimrukia, akamng'ang'ania mkono.

"Mjomba, huyu ni mtoto wa dada yako wa damu!"

"Najua. Ndiyo maana sijamtupa."

Akamsukuma pembeni, akakata.

Asubuhi jibini lilitoka limefungwa vizuri kuliko siku zote, na wateja wakasifu. Kwa kuwa kazini alikuwa amepungua mtu mmoja, mjomba alimkabidhi mdogo mtu mwiko wa dada yake, akawasha jiko jingine.