Madoa ya Mgongoni

Jumanne asubuhi dobi alitenga mashati meupe na ya rangi, akakagua kola na makwapa kama alivyofanya kwa miaka thelathini na mmoja. Shati la karani wa bima lilikuwa na doa mgongoni, katikati ya mabega. Lilikuwa doa la karata mbili, nane ya kopa na malkia wa shupaza, zimekaa sambamba kama zilivyotoka dukani. Dobi alilisugua kwa sabuni ya mche, halafu kwa ndimu na chumvi, halafu kwa dawa ya unga inayotoa hata kutu. Malkia hakupepesa jicho.

Karani alipokuja kuchukua nguo zake, dobi alimwomba radhi. Karani akaligeuza shati, akalitazama, akasema hizo ndizo karata alizokuwa nazo Jumamosi alipokuwa akicheza poka kwenye simu, na kwamba alishindwa. Kisha akauliza kama doa litaonekana akivaa koti. Dobi akasema halitaonekana, na karani akaenda zake.

Kufikia mwisho wa wiki madoa yalikuwa mengi. Nesi wa zamu ya asubuhi alikuwa na mbili ya uru na tisa ya pau kwenye sare yake. Ovaroli la fundi wa friji lilikuwa na kumi mbili, nyeusi na nyekundu. Joho la mwanakwaya mmoja lilikuwa na wafalme wawili, na mwenyewe aliomba lianikwe ndani. Hakuna aliyelalamika sana. Watu wana mambo mengi.

Dobi alikuwa hajawahi kucheza poka, lakini ukikaa na nguo za watu utasikia na habari zao. Alielewa kwamba kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo ni siri yake, na wenzake wakizijua mchezo umekwisha, kinachobaki ni kunyolewa bila maji. Alielewa pia kwamba wote hawa walishindwa na mchezaji mmoja aliyejiita Mpole, ambaye hakuna aliyewahi kuiona sura yake. Ukiwa na karata nzuri, Mpole alijitoa mapema, akakuachia makombo. Ukiwa na karata mbovu ukajifanya unazo, Mpole alikufuata mpaka mwisho. Wateja walisema huyo ana bahati ya mtende. Dobi yeye alijua jambo moja tu, kwamba kilichoandikwa mgongoni husomwa na aliye nyuma yako.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkewe alisema huku akikunja mashuka, na wala hakuwa anatania.

Si karani wala nesi aliyemnyima dobi usingizi. Chumba cha nyuma alikuwamo mwanawe, amelala ameuelekea ukuta, siku ya ishirini na sita sasa. Alikuwa akifundisha hisabati katika shule iliyo ng'ambo ya barabara, na mtaa mzima bado ulimwita Mwalimu. Poka aliisoma kama anavyosoma hesabu, kwenye daftari la miraba, akapiga mahesabu yake yakakubali. Aliacha kazi ili acheze vizuri. Baada ya miezi mitatu akiba ya harusi ilikuwa imekwenda na maji, mchumba alikuwa amerudisha pete kwa mkono wa dada yake, na Mwalimu alikuwa amepanda kitandani na nguo zake. Kila aliyekwenda kumbembeleza alijibiwa maneno yaleyale, kwamba yeye ni mjinga na aachwe.

Mwalimu mkuu alikuja mara mbili, akakaa kwenye kigoda kati ya mabeseni. Alisema nafasi ya kijana ipo mpaka Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Baada ya hapo itabidi amchukue mtu mwingine, maana watoto hawawezi kukaa bila hesabu. Dobi alimshukuru. Alipoondoka, dobi alipiga pasi suruali moja mara tatu bila kujua.

Shati ambalo Mwalimu alilivaa siku aliyoshindwa kabisa, na ambalo mama yake alimvua kitandani, lilikuwa na nne ya uru na saba ya pau. Siku hiyo alijifanya ana karata kubwa, akaweka vyote alivyokuwa navyo. Meza nzima ilijitoa isipokuwa Mpole, ambaye alimfuata akiwa na tatu mbili tu mkononi. Mtu mwenye tatu mbili hafuati hivyo, karani alieleza, labda awe kichaa au awe anaona.

Dobi akaamua kulituma shati hilo kwa kampuni yenye mchezo. Mkewe alisema lile ni shati zuri, halitarudi. Dobi alisema hataki pesa, anataka waandike mstari mmoja tu kwamba kijana aliibiwa, ili amsomee ainuke. Alilifunga kwenye karatasi bila kulifua. Tangu aanze kazi hakuwahi kutoa nguo chafu mlangoni kwake, na alipolikabidhi posta aliona haya kabisa.

Siku zikapita. Mwalimu aliendelea kuutazama ukuta. Mama yake alimpelekea chakula na kurudi nacho, na akazoea kukila yeye mwenyewe kwa kusimama, mlangoni.

Alhamisi kabla ya ile Jumatatu, kifurushi kilirudi. Ndani kulikuwa na barua ya mistari mitatu. Kampuni ilimshukuru mteja wake mpendwa, ikasema imelichunguza shati kwa makini na haikuona kasoro yoyote, na ikamtakia mchezo mwema. Chini yake kulikuwa na shati. Lilikuwa limefuliwa, likatiwa wanga na kupigwa pasi. Mgongoni lilikuwa jeupe pe.

Dobi alilipeleka dirishani. Alilinusa, akapitisha kidole gumba kwenye uzi, akalikunjua mikono. Kazi ilikuwa safi kuliko yake. Akaketi. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapata moto, na alipoona haina pa kwenda akainuka akaingia chumba cha nyuma.

"Geuka, mwanangu."

"Niache, baba."

"Doa la namna hii mimi nilishindwa kulitoa. Wao wamelitoa. Anayejua dawa ya doa anajua na lilikotoka."

Kitanda kililia. Mwalimu aligeuka, uso wake ukiwa na alama za mto, akalichukua shati na kulitazama mgongoni kwa muda mrefu. Aliuliza kama ina maana hakukosea. Baba akasema hakukosea hata kidogo, aliibiwa. Mwalimu akasema basi mahesabu yake yalikuwa sawa. Baba akasema yalikuwa sawa. Hapo kijana alilia kidogo, akaomba maji ya kuoga, akala sahani mbili. Mama yake alienda kulia jikoni kwa raha zake. Jumapili dobi alimnyooshea suruali ya kazini, mikunjo kama wembe.

Jumatatu Mwalimu aliamka mapema, akanyoa, akavaa lile shati. Aliingia chumba cha kazi, akavuta kigoda, akaketi na kuwasha simu.

Dobi alimuuliza kama hatachelewa shule.

"Kama sikuwa mjinga, baba, basi mchezo naujua. Siwezi kuacha kitu ninachokijua."

"Lakini wanaziona karata zako."

"Wanaziona mgongoni," Mwalimu alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto wa darasa la tatu. "Nitaegemea ukuta."

Akasogeza kigoda, akaegemea. Dobi akabeba beseni la mashuka akatoka nje.

Kamba ya kuanikia ilipita sambamba na ukuta ule ule, upande wa pili. Kwenye chokaa, juu kidogo ya usawa wa dirisha, kulikuwa na ree mbili, ya kopa na ya shupaza, kila moja kubwa kama mlango. Hakuna karata zinazozishinda hizo. Karani wa bima alikuwa akipita na mkoba wake kwenda kazini. Alisalimia, akazisoma, akasema yeye hajawahi kupata namna hiyo hata siku moja, akaendelea na safari.

Dobi akatandaza shuka bichi kwenye kamba, mbele ya ukuta. Ree zikapita kwenye shuka, zikakaa upande wa barabarani.

"Baba!" Mwalimu aliita kutoka ndani. Sauti ilikuwa yake ya zamani. "Nimepata ree mbili, na meza nzima imejitoa. Hata Mpole. Wameniogopa."

Ng'ambo ya barabara kengele ya shule ililia, ile ya kuingia darasani. Dobi akabana shuka pembe zote mbili, akasema amesikia.