Skrubu ya Mzee Eino

Gary Kangas nilimjua tangu yumo kwenye nepi, na sikuwahi kumpenda. Jumamosi ile ndipo aliponipa sababu.

Baba yake, mzee Eino, jirani yangu wa pua na mdomo, alikuwa amegoma kwenda nyumba ya wazee. Wakakubaliana hivi: Gary atakuja na mama mmoja wa kule. Eino akiwasha mashine yake ya kurusha theluji na kusafisha njia ya gari mbele yao, atabaki kwake. Akishindwa, anafunga begi siku hiyohiyo. Huku kwetu theluji ya Januari inafika madirishani, na asiyeweza kujifungulia njia amekwisha.

Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, kabureta inakohoa. Asubuhi nzima Eino alipiga magoti gerejini, bisibisi mkononi. Aliifunga taratibu skrubu ya kabureta, ile inayopimia injini petroli, mpaka ikagusa tu, akairudisha nyuma zaidi ya mzunguko mmoja, akasikiliza, akaongeza kidogo. Injini ikatulia, ikanguruma vizuri. Akaizima.

"Umesikia, Lempi?" akaniuliza. "Nani mzee hapa?"

"Mashine," nikamjibu. Akacheka mpaka akakohoa yeye.

Nikarudi kwangu. Wageni walipofika Eino hakuwapeleka gerejini kwanza, thubutu! Sisi Wafini wa huku hatuanzi shughuli na mgeni kabla ya kahawa, na kahawa anaimimina mwenye nyumba mwenyewe. Eino akaingia ndani na yule mama. Gary akabaki nje, eti anavuta sigara. Kutoka dirishani kwangu nikamwona anaingia gerejini, anainama kwenye kabureta na bisibisi, bega linakaza kweli kweli. Kisha akatoka, akajifuta mikono kwa theluji.

Mpaka nivae buti na kuikanyaga theluji hadi pale, Eino alishaanza kuvuta kamba ya kuwashia. Akavuta, akavuta tena. Mashine kimya. Jasho likamtoka kwenye baridi ile.

"Baba, acha, utajiua," Gary akasema kwa sauti tamu. "Hebu angalia kabureta."

Eino akainama, akaigusa skrubu. Ilikuwa imefungwa kabisa.

"Unaona, mama?" Gary akamgeukia mgeni. "Kaifunga mwenyewe. Ndiyo hali yake. Juzi kasahau kuzima jiko."

"Muongo mkubwa wewe," nikamwambia. "Umeifunga wewe, nimekuona kwa macho yangu."

"Mama Lempi, na wewe nikutafutie kitanda kule?" Akatabasamu. Ningekuwa na koleo mkononi ningemtandika.

Eino alikuwa bado ameinama, anaifungua ile skrubu kwa bisibisi. Akaitoa, akaitazama kitambo, akaitia mfukoni.

"Nyamaza, Lempi," akasema. "Ni mimi. Nimesahau."

Nilimsaidia kufunga begi, nguo nikizitupa ndani. "Kwa nini umemfichia, Eino?"

Akaitoa skrubu mfukoni. Ncha yake ilikuwa imeliwa, imepinda. "Hii haikazwi kwa nguvu," akasema. "Nilimfundisha hapo gerejini akiwa hajaanza shule, kidole chake juu ya changu."

Nje Gary akapiga honi. Eino akaiweka skrubu kwenye kiganja changu, akachukua kofia.

"Njia ningeisafisha, Lempi. Sasa ningemsafishia nani apite, ikiwa mwanangu ndiye anayenitoa?"