Chungu cha Saa Tisa

Jiko la umeme lilifika kijijini juu ya tela la trekta, limelazwa kwenye magunia ya pamba, mchana ambao Mbuke alikuwa akigeuza michembe, vile vipande vya viazi vitamu, aliyoianika juu ya jabali nyuma ya nyumba. Dereva aliuliza kituo cha akina mama kiko wapi. Akaonyeshwa kuta nne karibu na kisima, ndani yake mbuzi wamelala, juu hakuna paa. Basi jiko likateremshwa kwa Mbuke, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya bati na yeye alikuwa mjane, hakuna mwanamume wa kununa kwamba nafasi imeliwa.

Jiko hilo lilitoka katika nyumba ya mhandisi mmoja wa mgodini, mgeni, ambaye alikuwa amerudi kwao. Bwana Valerian, ofisa wa maendeleo, aliliomba kwa ajili ya kituo ili akina mama wa kijiji kipya wajifunze upishi wa kisasa. Umeme haukuwapo, lakini ulikuwa njiani. Ulikuwa njiani tangu mwaka ule watu walipotolewa kwenye kaya zao ng'ambo ya mto Manonga wakaletwa hapa, na watoto waliozaliwa mwaka ule sasa walikuwa wakichunga ndama.

Jioni wanawake walikuja kulitazama. Uso wa jiko ulijaa swichi za kuzungusha, kutoka ukingo huu hadi ule. Chini ya swichi kulikuwa na vitufe vya kubonyeza, na katikati saa ndogo yenye mishale. Kila swichi ilikuwa na picha yake: jua lililokatwa nusu, pangaboi, nyota, mawimbi, na kitu ambacho wengine walisema ni kuku na wengine wakasema ni kengele.

"Huyu mwenyewe alikuwa anatafuta chai au anatafuta stesheni ya redio?" aliuliza Esta, jirani wa Mbuke, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo. Akajaribu kuzungusha swichi moja, ikagoma mpaka kitufe fulani kibonyezwe, na kitufe kikagoma mpaka saa iwekwe. "Mume atakufa njaa hapo kitandani, mimi bado nazungusha."

Walicheka. Kisha wakakumbuka wamesimama nyumbani kwa nani, na Esta akashika kanga yake, akafuta vumbi kwenye jiko pasipo na vumbi.

Habari ya Makoye, mume wa Mbuke, ilijulikana na wote. Siku lori lilipokuja kuwahamisha, Makoye alikuwa mgonjwa, hali chakula siku nyingi. Mchana ule akafungua macho akasema anatamani michembe, iliyochemshwa ikalainika kabisa, na karanga zilizotwangwa. Mbuke alibandika chungu kwenye mafiga kwa furaha ya mtu aliyejibiwa sala. Chungu kikachemka. Jua lilipofika saa tisa alasiri, michembe ikiwa imelainika na karanga zimeshatiwa, alikwenda kuchukua bakuli, na lori likaingia uani. Mgambo walimbeba Makoye na kitanda chake. Mbuke aliomba aepue chungu tu, akaambiwa huko waendako kuna kila kitu. Huko walikokwenda kulikuwa na vigingi vilivyochomekwa ardhini kuonyesha viwanja. Makoye alilazwa kando ya kigingi chake. Aliuliza kama michembe imeiva. Mbuke akamwambia imeiva, kesho ataifuata. Alifariki kabla hakujapambazuka, hajala.

Tangu hapo, kila jioni baada ya Baba Yetu, Mbuke aliongeza sala yake mwenyewe, fupi: kwamba mume wake, popote alipo, asikae na njaa. Hakuomba lingine juu yake. Mambo mengine alimwachia Mungu.

Mbuke alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima jioni kanisani. Alianza na mvi kichwani, kwa kuwa alitaka kuzisoma Zaburi kwa macho yake. Mwalimu wake, Donatus, ambaye pia alikuwa katekista, alikuja kumsaidia kusoma maandishi ya jiko. Aliinama, akapiga magoti, akatazama kwa muda. Akasema si Kiswahili, si Kiingereza, wala si Kilatini cha misa ya zamani. Labda ni lugha ya watu wa nchi za baridi.

"Lakini namba ni zetu hizi hizi," alimwambia Mbuke, akiweka kidole juu ya saa. "Hii tatu. Hii tisa. Hizo shika, Mama Nkwabi." Somo la kusoma saa lilipangwa liwe baada ya mavuno ya pamba.

Siku iliyofuata, jua likiteremka, Mbuke alisali kwanza. Alisema, Bwana, mimi maandishi ya watu hawa siyajui, uongoze mkono wangu nisiharibu mali ya kituo. Kisha akaanza kuzungusha. Swichi ya nyota iliwanyamazisha nyenje. Ya mawimbi ilileta ndani ya nyumba harufu ya mvua ya kwanza, nayo ilikaa kwenye mapazia mpaka Jumapili. Ya pangaboi ilikausha nguo za Esta kwenye kamba yake, upande wa pili wa uzio, na Esta akapaza sauti kushukuru. Waya wa jiko ulikuwa umefungwa fundo kwa nyuma, haujagusa chochote. Hata hivyo bati la jiko lilianza kupata joto, na ndani pakasikika mlio mdogo, kama chungu kinachoanza kuchemka mbali.

Mbuke aliutambua mlio ule. Ulikuwa wa chungu chake. Saa ile ikaonekana kuwa ndiyo ufunguo, basi akausogeza mshale mfupi mpaka kwenye tisa, ambayo alikuwa ameishika vizuri.

Kabla hajafungua mlango wa jiko, mtu alibisha hodi.

"Mwadila," alisema Makoye, akimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Baba Nkwabi. Karibu."

Aliingia akiwa amejitanda blanketi la kijivu ambalo walimzika nalo, akaketi kwenye kigoda, akageuzia mafiga na jiko mgongo kama inavyompasa mwanamume, maana mambo ya chungu si ya kukodolewa macho. Aliuliza habari za Nkwabi, mtoto wao. Mbuke akamwambia yuko Geita anachimba dhahabu, bado hajapata kitu, ila barua zake zina salamu nyingi. Kisha akafungua mlango wa jiko. Chungu kilikuwamo, chungu chenyewe, chenye ufa mdogo kwenye ukingo. Kilikuwa kikavu, kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi, na kitako chake kina ubaridi wa asubuhi.

"Bado," alisema Mbuke.

"Hakuna neno," alisema Makoye. Alikaa kidogo, akaaga.

Jioni ya pili Mbuke aliuzungusha mshale mfupi mzunguko mzima, ukafika tena kwenye tisa. Safari hii jua lile lililokatwa nusu liliwaka lenyewe, na moto ukashuka kutoka juu. Alipofungua, chungu kilikuwa cheusi. Michembe ilikuwa mkaa. Juu ya mfuniko kulikuwa na majivu ya nyasi, na kipande cha ufito ambacho kilikuwa bado na kamba aliyoisokota Makoye kwa mikono yake walipoezeka nyumba ile. Mpaka hapo Mbuke hakuwa amejua kwamba nyumba yao ilichomwa. Wahamaji waliambiwa kwamba nyumba zimeachwa kama zilivyo, na kwamba kama kuna iliyoanguka, ni mchwa.

Makoye alipokea kipande kimoja cha mkaa kwa mikono miwili, akakitafuna kwa heshima. Akasema chumvi iko sawa.

Mbuke alilia hapo, si kwa sauti. Alisema, "Nimeiweka saa tisa, Baba Nkwabi. Mara zote mbili nimeiweka saa tisa. Wewe uliondoka huna kitu tumboni, na hata sasa nakupa majivu. Unifundishe basi kama unajua."

Makoye hakuwahi kuingilia upishi wa mke wake, akiwa hai wala baadaye. Lakini alikuwa ameombwa. Aligeuka kwenye kigoda, kwa mara ya kwanza akalitazama jiko. Ujanani alikuwa amefanya kazi mgodini, akarudi na saa ya mkononi, na mwaka wao wa kwanza wa ndoa alijaribu kumfundisha Mbuke kuisoma.

"Saa haisemi namba yake, mama," alisema. "Mshale mfupi ukiwa kwenye tatu, ndiyo saa tisa. Tunatazama ng'ambo. Wewe umeiweka saa tatu, kwanza ya asubuhi, kisha ya usiku. Nilikwambia wakati ule, ukacheka mpaka ukakaa chini."

"Nilidhani unanitania."

"Najua. Ndiyo maana sikuendelea. Nilipenda ulivyocheka."

Jioni ya tatu Mbuke alisali, akafuta mikono, akausogeza mshale mfupi kwenye tatu. Alibonyeza kila kitufe ambacho jiko lilidai kibonyezwe, akazima jua la nusu, akangoja. Alipofungua mlango, mvuke ulimpiga usoni. Michembe ilikuwa imelainika kabisa, imekunywa karanga, na kwa mbali, ndani kabisa nyuma ya chungu, ilisikika ngurumo ya lori ambalo lilikuwa bado halijafika. Alikitoa chungu haraka, akafunga mlango.

Alimnawisha Makoye mikono. Makoye alikula kwa utulivu wa mtu aliyesubiri, bila pupa, akilamba karanga vidoleni. Mbuke aliketi chini mbele yake, miguu ameinyoosha, akimtazama akimeza. Sala yake fupi ya jioni hakuisema siku hiyo, maana ilikuwa imekaa mbele yake inakula.

Ikawa desturi. Kila jua lilipoteremka mshale uliwekwa kwenye tatu, chungu kikatoka kikiwa kimejaa, Makoye akabisha hodi. Esta alipopita kuazima chumvi alimwamkia na kumwambia amenenepa. Mwalimu Donatus alipoulizwa kama kuna ubaya, alifikiri, akajibu kwamba kumlisha mwenye njaa kumeandikwa, na hakuona mahali palipoandikwa awe wa namna gani.

Mwezi wa pamba bwana Valerian alikuja na Landrova kuona jiko linavyotumika. Alifika jioni, basi akakaribishwa chakula. Alimpa Makoye shikamoo kwa kuwa Makoye alikuwa mkubwa kwake, na Makoye akaitikia marahaba, akasogea kumpa nafasi kwenye mkeka. Walikuwa wamewahi kuonana. Siku ya lori, bwana Valerian alikuwa amesimama uani na kipaza sauti. Mbuke aliwanawisha wote wawili, wakala bakuli moja. Bwana Valerian alisema michembe laini namna hii hajala tangu kwa bibi yake. Kipande cha mwisho kila mmoja alimwachia mwenzake, mpaka kikapoa.

Wakati wa kuondoka aliona kile chungu cheusi kando ya mlango. Mbuke hakuwa na moyo wa kukitupa. Bwana Valerian aliinama, akauchukua ule ufito, akaitazama kamba.

"Haya majivu ya nini, mama?"

"Ya paa letu, bwana. La kule ng'ambo."

Aliugeuza ufito mara kadhaa. Akaurudisha juu ya mfuniko vilevile ulivyokuwa, akajipangusa vidole kwa leso. Kisha akasema wageni kutoka mkoani watapita kesho, na ingependeza chungu kile kikae nyuma ya nyumba. Mbuke alikipeleka nyuma.

Kesho yake mkutano ulifanyika kisimani. Bwana Valerian aliwasomea wageni taarifa: kwamba wananchi wa hapa walihama kwa hiari yao wakiimba, kwamba hakuna paa lililoguswa, na kwamba akina mama sasa wanapika kwa umeme. Mgeni mmoja aliuliza umeme wenyewe uko wapi, akaambiwa uko njiani. Esta alikohoa kwa muda mrefu. Wageni walipiga makofi, watu wakapiga makofi, mbuzi wakatoka ndani ya kituo kuona kuna nini.

Jioni Mbuke alimsimulia Makoye yaliyosemwa. Alimsimulia yote, na Makoye alisikiliza akitazama mlango wa jiko, maana siku hizi alikuwa akilitazama.

"Na nyumba?" aliuliza. "Haiwezi kutoka?"

Mbuke alisogea kwenye jiko. Aliupima mlango kwa shubiri, kwanza upana, kisha kimo, akapima tena asije akawa amekosea.

"Chungu kinapita," alisema. "Nyumba haipiti."

Makoye alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akijua lakini alitaka kusikia. Akajiweka sawa kwenye kigoda, akanyoosha mikono ili anawishwe.

"Basi nipakulie, mama."

Mbuke akampakulia.