Mpira wa Kambo

Kaz Dudek aliiweka mipira yote miwili juu ya meza ya jikoni, kando ya kikombe cha kahawa, akaitazama kama baba anayelazimishwa kusema ni mtoto yupi anampenda zaidi. Mmoja ulikuwa wa marehemu baba yake. Wa pili aliununua jana dukani, mweupe pe, haujawahi kuona hata vumbi.

Leo Wahunzi wa Buffalo, timu ya besiboli ya jiji lao, walikuwa wanawakaribisha uwanjani wachezaji wao wa zamani, wale wa kiangazi ambacho jiji zima bado linakitaja kama watu wanavyotaja harusi. Dwayne Tillery, mpigaji wao mkuu wa kiangazi hicho, naye alikuwa amealikwa, na hapo ndipo ilipokuwa kazi.

Mabenchi ya Juani ni vile viti rahisi vya nyuma ya ukuta wa uwanja, ambako jua halina huruma na midomo haina breki. Wanaokaa hapo wana sheria yao tangu enzi za mababu. Mpinzani akipiga mpira ukavuka ukuta, ukaudaka, huendi nao nyumbani. Unaurudisha uwanjani palepale, kwa dharau, na watu wanakushangilia. Ukikaa nao utazomewa mpaka ujute kuzaliwa. Lakini mpira wa ligi ni mpira wa ligi, na binadamu ni binadamu. Wajanja wakawa wanakuja na mpira mwingine mfukoni, wa kuchezea watoto, wakauita mpira wa kambo. Ukidaka ule wa kweli unaingiza mkono mfukoni, unautupa wa kambo, unapigiwa makofi, na wa kweli unalala kabatini kwako. Kila mtu alijua, wala hakuna aliyemchoma mwenzake.

Mzee Leonard Dudek, baba yake Kaz, alikuwa gwiji wa mchezo huo. Alikuwa akirusha wa kambo huku amekunja uso kwa hasira ya uongo, kisha anakaa na kumkonyeza mwanawe. Kaz hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda yule mwongo.

Sasa Bernadette Malek, jirani yao wa benchi tangu zamani, alikuwa ameamua kwamba sheria imhusu Tillery pia, ingawa hakuwa mpinzani. Alimpigia Kaz simu.

"Kila mwenye mpira wa Tillery aje nao," alisema. "Akiingia tu, tunamrudishia takataka zake. Na wewe usijifanye umesahau. Wa baba yako ndio tunaoutaka."

"Ule ni wa marehemu, Bernie."

"Marehemu naye katapeliwa! Tena yeye ndiye aliyetapeliwa kuliko sote. Alikufa akiamini."

Hilo neno lilimwingia Kaz kama mwiba, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kiangazi kile mapafu ya mzee Leonard yalikuwa yamekwisha, moshi wa kiwanda cha chuma ulikuwa umeyamaliza. Daktari alisema hataiona Juni. Mzee akasema hana nafasi ya kufa, Tillery anapiga kesho. Basi kila kesho ikawa na kesho yake. Redio ilikaa dirishani pale wodini, wauguzi wakawa wanachungulia kuuliza, "Kapiga?" na mzee anainua dole gumba kabla hata hajavuta pumzi. Juni ikapita, Julai ikapita. Tillery alikuwa akiipiga mipira kama mtu anayefukuza njiwa shambani, na mikono yake ilikuwa inanona kila wiki, wao wakasema ni mazoezi. Ah, walitaka kuamini! Mpenda chongo huita kengeza.

Jumapili moja ya Agosti mzee alimwambia Kaz amwibe hospitali. Kaz akamwiba. Walikaa kwenye Mabenchi ya Juani, mzee na utepe wa wodi mkononi, mkate wa nyama ya ng'ombe magotini ambao hakuweza kuumeza. Tillery akapiga. Mpira ukapanda, ukapanda, kisha ukaanza kuja kwao. Mzee Leonard alivua kofia akaikinga, bila hata kusimama, na mpira ukaingia ndani ya kofia kama uliotumwa. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akalia. Alizikwa kabla majani hayajaanza kudondoka.

Miaka kadhaa baadaye Tillery alikaa mbele ya kamera akakiri. Dawa za kutunisha misuli, sindano, kiangazi kile chote. Njia ya mwongo fupi. Watu walichoma fulana zake barabarani, na watoto ambao hata hawakumwona akicheza wakajifunza kumwita Sindano. Kaz hakuchoma kitu. Aliuchukua ule mpira akaufungia kabatini, na tangu siku hiyo hakuweza kuukumbuka uso wa baba yake chini ya ile kofia bila kuona aibu, kana kwamba mzee alikuwa amechekea kitu cha kuchekwa.

Akaitia mipira yote miwili mifukoni mwa koti, wa baba kushoto, wa kambo kulia, akaondoka bila kujua utakaotoka ni upi.

Uwanjani Bernie alikuwa amekwisha kufika, kofia ya jua kichwani, mkoba mapajani.

"Umekuja nao?"

"Nimekuja nao."

"Vizuri. Usije ukaniletea machozi hapa."

Wachezaji walitajwa mmoja mmoja, wakapigiwa makofi. Lilipotajwa jina la Tillery, uwanja ulinguruma. Alitoka akichechemea. Ile mikono iliyokuwa magogo sasa ilikuwa mikono ya mzee wa kawaida, na koti lilimpwaya. Hakuelekea kwa wenzake. Alikuja moja kwa moja mpaka chini ya Mabenchi ya Juani, akavua kofia, akasimama.

"Sindano! Sindano!"

Mipira ikaanza kumiminika. Bernie alirusha wa kwake kwa nguvu zote, akamgeukia Kaz.

"Haya, Dudek! Unangoja askofu?"

Kaz aliingiza mkono wa kushoto. Alikuwa na hasira na Tillery, na hasira na baba yake kwa kuamini, na hasira na nafsi yake kwa kuamini naye. Vidole vikagusa lile baka dogo lililobonyea pale rungu lilipoupiga. Akakisikia kile kikohozi, akakisikia na kicheko. Kicheko kilikuwa cha kweli. Sindano ziliingia mkono wa Tillery, wala hazikuingia kicheko cha baba yake. Na mzee mwenyewe miezi ile alikuwa anaishi kwa sindano gani?

Akabadilisha mkono. Alirusha wa kulia, akakunja uso kwa hasira ya uongo, akakaa.

Bernie alimwangalia kwa jicho la pembeni.

"Huo ulikuwa wa kambo."

"Bernie, mimi..."

"Nyamaza. Wangu uko kabatini, chini ya soksi za marehemu mume wangu Eugene. Ulidhani mie mwehu?"

Chini kule Tillery alikuwa ameinama. Aliokota mpira mmoja, akaugeuza kutafuta muhuri wa ligi. Haukuwapo. Akaokota mwingine, akaugeuza. Akaenda kwa wa tatu, akasukuma mingine kwa ncha ya kiatu. Mtu aliyeshika mipira ya ligi maisha yake yote hahitaji miwani. Majani yote yalikuwa yamejaa mipira, na yote ilikuwa ya kambo. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Anacheka nini, mwizi yule?" Bernie aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kupasuka.

"Hacheki," alisema Kaz.

Tillery alinyanyua uso akawatazama, benchi baada ya benchi, kisha akautia mpira mmoja wa watoto mfukoni mwake.

"Sindano!" Bernie alipiga kelele, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. "Sindano we!"

Kaz aliukamata mpira wa baba yake ndani ya koti, akasimama, akamsaidia kuzomea.