Pumua Tu, Shemeji

Hebu mwone mama wa mikate, amekaa nyuma ya usukani wa gari lililozimwa, mvua inapiga paa kama mtu anayemwaga kunde kwenye sinia, vioo vyote vimepandishwa isipokuwa cha upande wake, ambacho ameacha uwazi wa kidole kimoja ili sauti ya mwenye yadi ya magari iingie na mvua ibaki nje, na sauti inaingia kweli, tena na harufu ya peremende, "dada yangu, nisikilize, mimi na wewe si maadui," mwavuli mweusi umemeza nusu ya uso wake, umebaki mdomo tu, na mama wa mikate anautazama huo mdomo akiwaza kwamba ni mdomo mzuri, hilo huwezi kulikana, meno yamepangwa, maneno yamepangwa, ndiyo maana ilikuwa rahisi kuuamini… mkono wake uko kwenye ufunguo, aondoke tu, awashe gari aende zake, amechoka kuwa mtu wa kulalamika, hakulelewa hivyo, kwao mtoto akiuziwa ndizi mbichi aliulizwa macho yako yalikuwa wapi, wajinga ndio waliwao, na hadithi ikaishia hapo, kwa hiyo azungushe ufunguo, feni ianze kuvuma, mvua, barabara, nyumbani, na kando yake shemeji yake, kaka wa mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Ghorofa kwa ukubwa wa mwili, amekijaza kiti cha abiria hadi mlango unalia, na anapumua kama mvukuto, huu, huu, kila pumzi inakwenda kugonga kioo cha mbele, "shemeji, huyu mtu anaongea kama redio," anamnong'oneza, "hana hata kitufe cha kuzimia," na yeye angecheka kama si ile harufu, maana ipo, vioo vikipandishwa tu inaamka, tope la zamani, tope la chini ya kisima, limejificha kwenye sponji za viti na chini ya zulia, na harufu hiyo ndiyo iliyomleta hapa, si tamaa wala ukorofi, ni mikate… mikate ya shule, iliyolala nyuma ya gari hili alfajiri ikiwa bado ya moto, ikavuta kila kilichokuwa hewani kama mkate wa moto unavyovuta, na mwalimu mkuu akainua mmoja hadi puani, akaurudisha kwenye kreti polepole, kwa adabu, adabu ile inayouma kuliko tusi, "mama, watoto wanasema mkate unanuka kisima," na yeye alifanya nini, alijilaumu, ndiyo, alirudi nyumbani akamwaga gunia zima la unga, akasugua trei hadi vidole vikachubuka, akabadilisha hamira, akainusa mikono yake mwenyewe, mikono iliyokanda unga tangu mwanawe wa kwanza hajaota jino, akaiuliza mmeoza lini nyinyi, na gari likakaa nje kwenye jua, linang'aa, halikuulizwa neno… shule mbili zimeacha kuchukua mikate, ya tatu inasubiri kuona wiki hii itakuwaje, na ikienda hiyo, tanuri litazimwa, ndivyo ilivyo, hakuna namna ya kulizunguka jambo hilo, tanuri litazimwa na wasichana wake wawili wa kukanda unga watarudi makwao. "Gari kuukuu ni kama ndoa ya pili, dada," mdomo unasema, "huulizi lilikopita," na pale barazani pa ofisi ya yadi, chini ya bango la KILICHOUZWA HAKIRUDI, wateja waliokimbilia mvua wanacheka kidogo, si kwa ubaya, wanacheka kama watu wanaosubiri mvua wanavyocheka chochote, na mwenye yadi anasikia kicheko hicho, anakinenepea, "huo mkanda wa kiti mnaouzungumzia, ni uchafu tu wa watu, labda huyu shemeji yako anakula mchuzi humu ndani," na Ghorofa anageuza shingo, "mchuzi gani wa rangi ya mfereji, bwana mkubwa?" na hapo kweli mama wa mikate anatabasamu, kwa sababu mkanda, jamani, ule mkanda… Jumapili ile shemeji alivaa shati jeupe la kwenda kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yake, shati limepigwa pasi mpaka lina makali, akaketi hapo hapo alipo sasa, akauvuta mkanda wa usalama, akauvuta, akauvuta tena, maana tumbo la Ghorofa si safari fupi, hakuna abiria mwingine aliyewahi kuufikisha mkanda ule mwisho wake, na mwisho ulipotoka ulikuwa mwingine kabisa, wa kahawia, mgumu, umechorwa mstari mahali maji yalipofika yakasimama, ukamwachia kifuani utepe wa tope kutoka bega hadi kiuno, akajitazama akasema, "shemeji, umenivisha nishani bila sherehe," wakacheka, kisha wakaacha kucheka pamoja, wakatazamana, yeye akainama akanusa ule mkanda, kisima, kisima kile kile, na palepale mikono yake ikapumua, ikajua si yenyewe iliyooza. Gari lilizama. Lilizama mahali fulani, siku fulani, likatolewa, likaoshwa, likapakwa nta, likapangwa kwenye mstari, na akaja mama mwenye pesa za mikate akaambiwa… "Mimi sikusema hivyo," mdomo unamkatiza, "mimi nilisema gari zuri, na ni zuri, liangalie, tufanye kiungwana, niachie siku kadhaa nikuoshee viti, bure, sikudai hata senti," na neno hilo bure linapita kwenye ule uwazi wa kidole likiwa limevaa vizuri, na yeye analitamani, kwa nini asilitamani, amechoka, viti vioshwe, vinukie sabuni mwezi mmoja, halafu mvua, halafu kisima tena… hapana, afisa alisema nini, yule mwanamke wa ofisi ya kuwatetea wanunuzi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akasema, "lile bango lake ni bango tu, mama, angekuambia gari hii iliingia maji ukainunua hivyo hivyo, hapo ungelia peke yako, lakini kama alikuambia haijaingia, na ndiyo maana ukalipa, basi hakukupa ulicholipia, una haki ya kuirudisha na kurudishiwa pesa zako, na hayo ya kukuoshea viti ni wewe wa kukubali au kukataa, si yeye," na yeye kwenye kile kiti cha mbao akahisi mgongo wake unanyooka wenyewe, kama mtoto aliyeambiwa jibu lako lilikuwa sahihi tangu mwanzo, hadi afisa alipouliza, "alikuambia kwa mdomo au aliandika?" "Aliandika." "Wapi?" "Kwenye kioo cha mbele, kwa kipande cha sabuni." "Tutayaona hayo maneno?" Na hapo mgongo ukarudi ulikotoka. Aliyafuta. Aliyafuta mwenyewe, siku ile ile ya kwanza, kwa mkono huu huu, nani huyo anayepita mtaani na gari lenye maneno usoni kama mbuzi wa mnadani, bomba lilikuwa halitoi maji basi akakunja gazeti kavu, akasugua, akiimba, tena akiimba, majirani wanaona, akasugua hadi kioo kikawa hewa tupu, na kila usiku tangu aondoke ofisini kwa yule afisa amekuwa akilisikia lile gazeti likikwaruza, kwaru, kwaru, haki yake ikifutika na yeye anaimba… "uliandika," anamwambia kupitia ule uwazi wa kidole, "niliandika?" mdomo umepanda sauti sasa, unawaambia wa barazani kuliko unavyomwambia yeye, "eti niliandika, haya, sawa, nionyeshe, dada, nionyeshe hayo maandishi nikurudishie hela yako yote leo hii, mbele ya wateja hawa, mimi si mtoto mdogo," na wa barazani wananyosha shingo wasikie atakavyojibu, na ufunguo uko kwenye vidole, baridi, mzunguko mmoja tu, "zima gari tuongee," ndivyo mwenye yadi alivyomwambia alipoingia getini, "pandisha vioo usilowe," akazima, akapandisha, mtiifu, maana siku zote ameendesha gari hili vioo chini na feni ikivuma, kiangazi chote, kwanza kwa ajili ya joto, baadaye kwa ajili ya harufu, na leo ndiyo mvua ya kwanza, na shemeji anapumua, huu, huu, kioo cha mbele kimeanza kuwa cheupe, yadi inafutika, magari yaliyopangwa yanafutika, unyevu wa zulia na pumzi za Ghorofa vimekutana, ukungu umeanzia upande wa abiria unasogea, maziwa kwenye maji, isipokuwa… isipokuwa pale. Kuna mahali ukungu unakataa kukaa. Fimbo iliyosimama. Kando yake ndoano, mkia umejikunja, inatazama upande usio wake. Kisha hema lenye ufito uliolala katikati. Kisha vilima viwili. Anaviona hivyo, kama mtoto wa darasa la kwanza anavyoona herufi kabla hazijawa sauti, fimbo, ndoano, hema, vilima, na moyo unamwambia soma kutoka huku, siyo huko, huku, vilima, hema, ndoano, fimbo… MAJI. Maana aliandikia ndani. Anamwona sasa kama jana, mwenye yadi ameketi kwenye kiti hiki hiki, ncha ya ulimi nje, sabuni mkononi, anaandika kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto, fundi kweli wa kazi hiyo, ili aliye nje asome sawasawa, na yeye mwenyewe mama wa mikate akiwa nje anaipokea herufi moja moja, akastaajabu, akamuuliza kwa nini ujitese hivyo, na ule mdomo mzuri ukajibu kwa majivuno, "nikiandika nje, mvua inafuta, mama, ya kwangu hayafutwi na mvua"… Na gazeti kavu liliondoa weupe tu, mafuta ya sabuni yakabaki kwenye kioo, yamekaa kimya kiangazi chote yakimsubiri. "Joto, shemeji," Ghorofa anasema, na mkono wake mkubwa umeshafika kwenye kioo, kiganja kimefunguka, anataka kufuta. "Usiguse." Shemeji anaganda. "Dirisha basi." "Usifungue. Pumua tu, shemeji." "Nipumue?" "Kwa nguvu," na Ghorofa, ambaye maisha yake yote watu wamemwambia apunguze, apunguze kula, apunguze nafasi, apunguze kupumua kwenye mikutano, anamtazama shemeji yake usoni, hajaelewa kitu lakini anaona ni jambo la maana, anajaza kifua, anapumua, huuu, na KUINGIA linajitokeza, linatembea kumjia, halafu HAIJAWAHI, herufi kwa herufi, mbele ya macho yake, yote yamempa mgongo kwa sababu hayakuandikwa kwa wa ndani, yameandikwa kwa wa nje, kwa mnunuzi, kwa yeye wa siku ile aliyesimama juani na mkoba kifuani, na ndoano ya J ni ile ile iliyo kwenye kila kioo cha kila gari la yadi hii, atakanushaje ndoano yake mwenyewe… maji ndiyo yaliyoletwa kuwa shahidi, kama gari lingekuwa kavu kweli kioo kisingelowa hivi, uongo umelowa ukasomeka.

Mdomo bado unasema, mvua bado inamwaga kunde, hakuna kilichobadilika nje ya kioo, mwavuli pale pale, baraza pale pale, "dada, washa gari uende, mvua inazidi," na yeye anautazama ule mdomo na haoni tena uzuri wala ubaya, anaona mtu aliyelowa viatu, na ndani yake kitu kinaumuka, taratibu, bila kelele, kama donge la unga lililofunikwa kitambaa safi, unageuka kidogo na ukirudi limejaa bakuli, si hasira, hasira angeijua, ni wepesi, maana miezi hii yote alibeba aibu akidhani ni yake, alipolimwaga lile gunia, alipojificha mwalimu mkuu akipita, alipokaa kwenye kile kiti cha mbao, ilikuwa aibu ya mtu mwingine ameibeba kama mzigo uliosahauliwa mlangoni kwake, na mzigo una mwenyewe, mwenyewe yuko hapa, umbali wa kidole, amlipe au asimlipe leo, na atalipa, amesema mwenyewe mbele ya watu, lakini hata kabla ya kulipa, yeye ameshautua… wajinga ndio waliwao, sawa, lakini aliyeambiwa uongo akauamini si mjinga, aliamini tu, na kuamini si kosa la kuoshewa viti bure. Vidole vinauachia ufunguo. Hatawasha. Simu iko mapajani, itapiga picha, lakini kwanza macho, macho ya wote. Atashuka polepole, atafunga mlango nyuma yake ili ukungu usitoroke na shemeji aendelee na kazi yake, hatapaza sauti, hajawahi kuhitaji sauti kubwa kufundisha mtu kukanda unga, atamshika mwenye yadi kiwiko kama mtu anayemvusha barabara, atawaomba wale wa barazani wasogee, mvua haiui, atawasimamisha mbele ya gari wasome, na atakapoona midomo yao inasogea pamoja, atamwambia, kaka yangu, sina maneno mengi, naomba tu ukumbuke jambo moja, ulinifundisha mwenyewe, ya kwako hayafutwi na mvua.