Somo la Mapigo ya Moyo

Mwalimu Lea alikuwa akifundisha elimu ya michezo katika sekondari moja ya kijijini. Siku ile aliwaambia wanafunzi wa kidato cha tatu wauzunguke uwanja mbio, kisha kila mmoja amshike mwenzake mkono na kuhesabu mapigo ya moyo. Naishorua, binti wa wafugaji ambaye zamani hakushikika kwa mbio, alifika wa mwisho akihema.

"Mwalimu, moyo wa huyu unarukaruka!" mwenzake aliita.

Lea alimshika mwenyewe. Mapigo yalikwenda kasi, yakasita, yakakurupuka tena.

Kesho yake alimpeleka hospitalini. Daktari alimsikiliza kwa muda mrefu, kisha akamvuta Lea pembeni. Homa ya utotoni ilikuwa imeuharibu moyo wa binti.

"Upasuaji je?" Lea aliuliza.

"Moyo wake umeshachoka mno, mwalimu. Msimkimbize tena."

Jioni Lea aliongozana na Naishorua mpaka bomani kwao. Baba yake, mzee Sapit, aliitikia shikamoo, akasikiliza yote bila kumkatiza, kisha akasema taratibu, "Alikuwa mzima kabla hamjamshika mkono. Ninyi ndio mliomkimbiza. Shule basi."

"Baba, nitakaa tu pembeni niwaangalie," Naishorua alisihi.

Mzee alikwishageuka kwenda kwa ng'ombe. Lea alitafuta neno la kumtetea binti yule, akalikosa, kwani hata angebaki shuleni, asingepona. Akaaga.