Majengo Mafu ya Ufukweni

Msinitazame hivyo. Mimi ni karani wa uwekezaji katika halmashauri ya mji, na mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Mkiwa na mkataba wa namna hiyo, ndipo mje mnifundishe utu.

Ufuko wetu ulikuwa umekwisha. Hoteli zilizokuwa zikijaa watalii zimebaki madirisha bila vioo, choo cha umma hakina mlango, na bwawa la kuogelea linafuga vyura. Miaka saba tulihangaika kutafuta mwekezaji. Tulipompata, sharti lake lilikuwa fupi: anataka majengo matano yaliyofuatana, yasiyo na biashara ndani. Jengo lenye wageni lingeachwa, litengenezewe njia na taa. Jengo lililokufa lingebomolewa na hati ya mwenyewe kufutwa.

"Tunayo manne," bosi aliniambia. "La tano ni la dada yako. Likionekana hai, huyu bwana anaondoka. Akiondoka, na wewe unga wako umemwagika."

Dada ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa na miaka sita. Dada akanisomesha kwa nyumba hiyohiyo ya wageni, vyumba tisa, mashuka anayapiga pasi mwenyewe. Namshukuru. Lakini mtu akikukumbusha kila Jumapili, mbele ya mkeo, kwamba alikuwa anakuogesha, shukrani nayo huchoka.

Asubuhi ya ukaguzi nilipita kwake mapema. Nilimkuta juu ya kiti, kitambaa kichwani, jasho linamtoka, anashusha mapazia. Wageni wake watatu alikuwa ameshawahamishia kwa jirani, mtaa wa nyuma.

"Unafanya nini, dada?"

"Wewe nawe, kama vile hujui. Watu wa makaratasi wanakuja. Wakikuta pasafi watasema huyu hana shida."

Hapo ndipo muwajue watu wetu. Miaka yote, waliokuja ufukweni na makaratasi walikuwa watu wa misaada, na tulijifunza: kizuri ficha, ufa onyesha. Baada ya dhoruba iliyong'oa mapaa yetu, walioacha matope sakafuni walipewa mabati. Aliyekuwa amefagia alikosa. Aliyefagia ni dada, na hajasahau.

Ningesema neno moja tu: dada, hawa wanabakisha walio hai. Lilinifika hadi kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Shika huku," akaniambia. Nikashika ncha ya godoro, tukalipeleka stoo, tukarudi kuchukua jingine, hadi likabaki moja. Hilo alilichana kwa kisu, akaliacha chumba cha mbele, akarudi nyuma kulitazama.

"Panatia huruma?"

"Panatia."

Akacheka, akanipiga mgongoni. Alifurahi kweli.

Wakaja watu wa ukaguzi, nikajiunga nao. Mkaguzi, mama mmoja mpole mwenye viatu vya raba, akamuuliza ni lini alilala mgeni mara ya mwisho. Dada akainamisha uso kama mfiwa. "Mwaka wa pili huu. Hata mbu wamehama." Hilo la mbu alijipongeza nalo, nilimwona. Akapewa karatasi ya kuthibitisha hayo, akasaini chapuchapu, akidhani ni ya vitanda vipya.

Barua ya kubomoa ilitoka baada ya wiki tatu. Alikuja nayo ofisini, amevaa gauni alilolivaa kwenye harusi yangu. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi. Alikaa mbele ya meza ya bosi, akaeleza taratibu, kama mtu anayerekebisha kosa dogo: kwamba wageni alikuwa nao, kwamba mapazia aliyashusha mwenyewe, kwamba alidhani ni msaada.

"Shahidi huyu hapa," akasema, akanishika mkono. "Magodoro tulibeba naye. Mwambie bosi wako, mdogo wangu."

Bosi akanitazama. Mkataba wangu wa mwaka mpya ulikuwa mezani kwake, haujasainiwa.

"Asubuhi hiyo, kabla ya mkaguzi, sikufika kwako, dada," nikasema.

Akauondoa mkono wake juu ya wangu, akaikunja barua vizuri, akamgeukia bosi.

"Basi itakuwa nilibeba peke yangu," akasema. "Umri huu, mtu unachanganya siku. Huyu hasemi uongo, nimemlea mwenyewe."

Akatuaga wote wawili, akatoka. Bosi akachukua kalamu, akasaini.